Kuchanganya si kudanganya: historia ya divai nyekundu na fundisho lake kwa malafu yetu

Wahenga walisema: mugema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo ilitoka pwani pamoja na lugha yetu, na hapa Kisangani kila mutu anaielewa bila kuelezwa, hata kama tembo sisi tunaiita malafu. Ukimusifu mugema leo, kesho ataongeza maji ndani ya bidoni ili apate mingi ya kuuza. Ndiyo maana neno «kuchanganya» limepata sifa mbaya kati yetu. Ukisema kinywaji fulani kimechanganywa, watu wanaelewa mara moja kwamba kimeharibiwa. Muuzaji naye anajitetea haraka: «Yangu haikuchanganywa hata kidogo, bwana!»

Basi wengi watashangaa kusikia kwamba divai nyekundu zinazosifiwa kuliko zote duniani, na zinazouzwa bei ya kutisha, sehemu kubwa yake ni divai za kuchanganywa. Wenye kuzitengeneza hawafichi jambo hilo, wanajivunia. Namna gani kitu kimoja kiwe ufundi kule na wizi huku? Katika kurasa hizi tunapenda kutafuta jibu ndani ya historia, kwa sababu tunaona kwamba jibu lile linagusa mila yetu wenyewe. Ndugu zetu Waislamu, na Wakristo wasiokunywa kileo, wasikasirike: hatumuiti mutu kunywa, tunasimulia historia ya kazi ya mikono ya watu.

1. Majina mawili ya kinywaji kimoja

Kiswahili kina maneno mawili kwa maji ya zabibu yaliyochachuka. «Mvinyo» linatoka kwa Wareno, wanaosema vinho. «Divai» linatoka kwa Wafaransa, wanaosema du vin. Maneno hayo mawili yanaonyesha milango miwili ambayo kinywaji hiki kilipitia ili kuingia Afrika yetu.

Wareno walifika kwenye mudomo wa muto wetu mwaka wa 1482, wakiongozwa na Diogo Cão. Mwaka wa 1491 mapadri wao walimubatiza mufalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu. Lakini sisi wa huku juu ya muto tulibaki mbali na mambo hayo kwa karibu miaka mia ine. Stanley alipita kwenye maporomoko ya Wagenya Januari 1877, kituo kilianzishwa mwisho wa mwaka wa 1883, na mwaka wa 1887 Tippu Tip alipewa ugavana wa Stanley Falls. Watu wa Tippu Tip walituletea Kiswahili, na dini ya Islamu, ambayo inakataza divai. Kwa hiyo kwetu lugha ilitangulia kufika, na kinywaji kilifuata kwa njia ingine.

Njia ile ingine ilikuwa misioni. Mwaka wa 1897 padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mutakatifu wa Yesu, alianzisha misioni ya Saint-Gabriel hapa kwetu. Na padri hawezi kusoma misa bila divai. Sheria ya Kanisa inaagiza kwamba divai ya misa itoke kwenye tunda la muzabibu, na isiwe imeharibika. Sharti hilo limeandikwa tena katika kanuni ya 924 ya mwaka wa 1983. Hata wakati Roma ilipokubali misa ya desturi ya Zaire, mwaka wa 1988, nyimbo na mashangilio yetu yaliingia, lakini malafu hayakuingia kwenye kikombe cha altare.

Basi kila chupa ilipaswa kupanda kutoka baharini. Kabla ya njia ya treni ya Matadi kumalizika mwaka wa 1898, wapagazi walibeba mizigo kwa kichwa mpaka Léopoldville. Toka pale ilibaki safari ya meli ya karibu kilometa 1.700 mpaka Stanleyville. Pamoja na wamisionari na wakubwa wa serikali walikuja pia wafanyabiashara Wareno na Wagiriki, na mezani kwao divai nyekundu ilikuwa kitu cha kawaida. Hivyo wazee wetu walizoea kuona divai kama kitu cha Wazungu: imefungwa, ina karatasi yenye maandishi, haiguswi na mutu. Wengi hawakujua kwamba ndani ya chupa moja kulikuwa zabibu za aina mbili, tatu, hata zaidi.

2. Juu ya nini muzabibu haukai kwetu

Mutu anaweza kuuliza: mbona wamisionari, waliopanda maembe na machungwa kila pahali, hawakufanya shamba la zabibu Kisangani? Jibu ni mvua. Muji wetu uko karibu kabisa na ikweta, na mvua inanyesha miezi yote, karibu milimita 1.800 kwa mwaka. Muzabibu unahitaji wakati wa kupumuzika, na matunda yake yanahitaji jua kavu wakati wa kuiva. Penye unyevu mwingi majani yanashikwa na ukungu, na zabibu zinaoza kabla ya kuvunwa.

Nenda sasa mpaka Dodoma, katikati ya Tanzania. Kule mvua ni kidogo, na kipindi cha ukame ni kirefu. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana, na kilimo kile kikaenea kwa wakulima wa kawaida. Leo mukulima wa Dodoma anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na kuna aina nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la pahali karibu na muji ule. Kwa hiyo mutu asiseme eti zabibu ni tunda la Wazungu tu: ni tunda la penye ukame, na ndugu zetu wenye kusema Kiswahili wanalilima.

3. Kazi ya fundi wa Bordeaux

Ili kuelewa kuchanganya, twende pahali ambapo ufundi huo ulijulikana sana: Bordeaux, magharibi ya Ufaransa. Biashara ya divai yake ilipata nguvu tangu mwaka wa 1152, wakati Eleonora wa Aquitaine alipoolewa na Henri Plantagenet, ambaye baadaye alikuwa mufalme wa Uingereza. Kwa miaka mia tatu meli zilibeba divai kutoka Bordeaux mpaka Uingereza.

Kule wanalima aina kadhaa za zabibu nyekundu, na kila moja ina tabia yake kama watoto wa nyumba moja. Cabernet Sauvignon ina tunda dogo lenye ganda nene. Inachelewa kuiva, na divai yake ni kali, inakausha ulimi kama ndizi mbichi ao makasu. Ukali ule unaitwa tanini, na ndio unaolinda divai ikae miaka mingi bila kuharibika. Merlot inatangulia kuiva, divai yake ni laini na imejaa mudomoni. Cabernet Franc inaleta harufu nzuri. Petit Verdot inatoa rangi nzito na ladha kama ya viungo, lakini inachelewa kuliko zote, na miaka mingine haiivi kabisa.

Rangi yenyewe, tuseme wazi, haitoki kwenye nyama ya tunda. Ukikamua zabibu nyekundu, kwa aina nyingi maji yanatoka meupe. Wekundu uko kwenye ganda, kwa hiyo fundi anaacha maji yachachuke pamoja na maganda siku nyingi ili yanywe rangi na tanini.

Juu ya nini wanapanda aina nyingi badala ya moja iliyo nzuri kuliko zote? Sababu ya kwanza ni udongo. Upande wa kushoto wa muto, kule Médoc, kuna changarawe inayoshika joto la jua, na Cabernet inaiva vizuri. Upande wa kuume, kule Saint-Émilion na Pomerol, kuna udongo wa mufinyanzi wenye baridi, unaopendwa na Merlot. Sababu ya pili ni woga wa hali ya hewa. Merlot inachipuka mapema, kwa hiyo baridi kali inaweza kuua machipukizi yake. Cabernet inachelewa, kwa hiyo mvua ya mwisho wa musimu inaweza kuikuta bado mbichi. Mwenye zote mbili hakosi kitu cha kuvuna. Mukulima wetu anayepanda muhogo, mahindi na ndizi katika shamba moja anajua hesabu hiyo bila kusoma kitabu cha Kifaransa. Hata hivyo kuna mwaka unaoshinda hesabu zote: Februari 1956 baridi iliua mizabibu mingi sana kule Bordeaux, hasa upande wa Saint-Émilion na Pomerol.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Fundi hatupi zabibu zote pamoja ndani ya pipa moja. Kila aina, na mara nyingi kila kipande cha shamba, kinavunwa peke yake siku yake na kinachachushwa peke yake. Miezi inapita. Halafu, wakati wa baridi, mafundi wanakaa mezani na vikombe vingi na chupa yenye alama za vipimo. Wanaonja kila divai, wanaandika tabia yake. Kisha wanajaribu kwa kiasi kidogo: sehemu 70 za Cabernet, 25 za Merlot, 5 za Petit Verdot. Wanaonja. Wanapunguza hapa, wanaongeza pale, wanaonja tena. Wakikubaliana, ndipo wanachanganya mapipa makubwa kwa kipimo kile kile. Divai ambayo haikufaa haifichwi ndani ya ile nzuri: inawekwa pembeni na kuuzwa kwa jina lingine, kwa bei ya chini.

Kumbe ufundi wote uko hapo: kujua kila kitu peke yake kabla ya kukiunganisha na kingine. Mama anayepika sombe anafanya vile vile. Anajua chumvi yake, anajua mawese yake, anajua samaki wake, na kila kimoja kinaingia kwa wakati wake.

Jambo la ajabu ni kwamba Cabernet Sauvignon yenyewe ni mutoto wa kuchanganyika. Mwaka wa 1997 wataalamu wa chuo kikuu cha California, kule Davis, walionyesha kwa kupima mbegu za urithi kwamba ilizaliwa na Cabernet Franc, nyekundu, na Sauvignon Blanc, nyeupe. Kabla ya watu kuchanganya ndani ya pipa, mizabibu ilikuwa imekwisha kuoana shambani.

Na asiyejua vitu vyake anapata aibu. Kule Chile wakulima walikuwa na mizabibu waliyoiita Merlot tangu zamani. Mwaka wa 1994 mutaalamu Mufaransa, Jean-Michel Boursiquot, aliangalia majani akatambua kwamba sehemu yake ilikuwa Carmenère, aina ya Bordeaux ambayo watu walidhani imekwisha kupotea, tangu mududu filoksera alipoharibu mashamba ya Ulaya katika karne ya 19. Walikuwa wanachanganya bila kujua kwamba wanachanganya.

Bordeaux haiko peke yake. Kule Toscana, Italia, Bettino Ricasoli aliandika katika barua ya mwaka wa 1872 namna ya kuunganisha zabibu za Chianti: Sangiovese kwa harufu na nguvu, Canaiolo kwa kulainisha, na Malvasia nyeupe kwa divai ya kunywewa mapema. Châteauneuf-du-Pape, kusini ya Ufaransa, inajulikana kwa kuruhusu aina 13. Na kuna wanaokataa kabisa. Kule Burgundy divai nyekundu kubwa inatoka kwa Pinot Noir peke yake, na mwaka wa 1395 mutawala Philippe aliyeitwa Shujaa aliamuru zabibu ya Gamay ing'olewe. Kwa hiyo hatusemi kwamba lazima kuchanganya. Tunasema kwamba kuchanganya peke yake si kosa.

4. Pale ufundi unapogeuka wizi

Historia ile ile ina upande mubaya, na hatupaswi kuuficha. Mpaka katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Bordeaux walikuwa na desturi ya kutia ndani ya divai yao divai nzito ya Hermitage, iliyotoka kwa zabibu ya Syrah kwenye bonde la muto Rhône, ao divai ya Hispania, ili kupata nguvu na rangi. Wanunuzi wengi wa Uingereza walijua hivyo na waliipenda hivyo. Mununuzi akijua na kukubali, hakuna aliyeibiwa.

Matatizo makubwa yalikuja baada ya filoksera. Mizabibu ilikufa, divai ikawa haba, na watu wenye tamaa wakaanza kutengeneza divai kwa sukari, maji na mabaki ya zabibu. Bei ilianguka, na wakulima wa kweli wa Languedoc wakafa njaa. Mwaka wa 1907 waliasi. Kiongozi wao, Marcelin Albert, alikuwa mukulima wa kijiji cha Argelliers. Tarehe 9 Juni makundi ya watu mamia ya maelfu walijaa Montpellier, na siku chache baadaye askari walipiga risasi kule Narbonne na watu walikufa. Kabla mwezi kwisha serikali ilitoa sheria ya kukataza kutia maji ndani ya divai na kuizidishia sukari. Tusome tena methali yetu ya mugema: kule Ufaransa maji ndani ya kinywaji yalimwaga damu.

Afrika nayo iliingizwa ndani ya mambo hayo. Wafaransa walipanda mizabibu mingi sana kule Aljeria, na katikati ya karne ya 20 nchi ile ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa wa divai duniani. Divai yake, nyeusi na yenye nguvu, ilivushwa bahari na kutiwa ndani ya divai nyepesi ya kusini ya Ufaransa. Munywaji wa Paris aliona nguvu na rangi, lakini jina la Aljeria mara nyingi hakulisoma popote. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1962 biashara ile ilianguka. Hapo kuchanganya kulificha jasho la mutu chini ya jina la mwingine, na sisi watu wa Kongo tunaijua hadithi ya namna hiyo.

Dawa waliyoipata ilikuwa kusema wazi. Châteauneuf-du-Pape, wakiongozwa na bwana Le Roy, waliandika masharti yao tangu mwaka wa 1923: shamba gani, zabibu gani, nguvu gani. Mwaka wa 1935 Ufaransa ilifanya sheria ya majina ya asili kwa nchi yote. Tangu wakati ule karatasi ya chupa si pambo tu, ni ahadi.

5. Malafu yetu je?

Sasa turudi nyumbani. Malafu yana heshima kubwa katika desturi zetu. Yanaletwa wakati wa posa, yanamwagwa chini kwa ajili ya wazee, yanasindikiza mashauri na mapatano. Neno lenyewe tunalishiriki na Wakongo wa chini ya muto. Tena malafu ni kinywaji cha kuchanganywa tangu zamani! Mugema anapanda miti kadhaa asubuhi na jioni. Muti huu unatoa maji matamu, ule unatoa maji mepesi. Raffia ina ladha yake, mungazi una ladha yake. Maji ya asubuhi ni matamu, ya jana yamekwisha kuwa makali, na mabaki yaliyo ndani ya kibuyu ndiyo yanayoanzisha uchachu kwa haraka. Katika sehemu mbalimbali za Afrika watu wanatia pia ganda chungu la muti ili kuongeza ukali. Mugema anayejua kazi anaunganisha hayo yote kwa ulimi wake, sawasawa na fundi wa Bordeaux. Tofauti ni kwamba yule wa Bordeaux ana daftari, na wetu ana kumbukumbu tu.

Na kumbukumbu inakufa pamoja na mutu. Hapa ndipo penye hatari. Vijana wa Makiso na Mangobo wanaona haya kuweka malafu kwenye meza ya ndoa. Wanatafuta divai ya dukani, hata kama karatasi yake haisemi kitu. Mugema, akiona kwamba kazi yake haiheshimiwi, anatia maji na sukari ili apate chochote. Munywaji akitambua anamukimbia. Hivyo dharau inaleta udanganyifu, na udanganyifu unaongeza dharau. Kwa lotoko hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kileo cha kutonesha kwa moto kikitengenezwa vibaya, ao kikitiwa vitu visivyojulikana, kinaweza kupofusha macho na kuua. Pale kuficha kilichochanganywa si wizi wa feza tu, ni wizi wa uzima.

Kwa maoni yetu, fundisho la divai nyekundu ni la mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine. La kwanza: kila muti ujulikane peke yake, maji yake yaonjwe kabla ya kumwagwa ndani ya bidoni. La pili: kisichofaa kiwekwe pembeni, kiuzwe kwa jina lake na bei yake. La tatu: muuzaji aseme wazi, haya ni ya mungazi, haya ni ya raffia, haya ni ya leo na ya jana pamoja. Mununuzi naye azoee kuuliza, tena akubali kulipa zaidi kwa anayesema kweli.

Kuna kazi pia kwa sisi wenye kalamu. Walimu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani na wanachama wa mashirika ya utamaduni wawafuate wagema wazee wa Lubunga na wa vijiji vya kando ya muto, waandike majina ya miti, majina ya ladha, saa za kugema, na vipimo vya kuchanganya. Ricasoli aliandika barua moja tu, na watu wa Toscana waliifuata miaka mingi. Wazee wetu wana barua nyingi za namna hiyo kichwani, na bado hazijaandikwa.

Wakati ule methali yetu itabaki vilevile, lakini tutaielewa vizuri zaidi. Kosa la mugema lilikuwa maji aliyoyatia usiku, wakati hakuna anayemuona. Angechanganya mchana, mbele ya watu, na kusema alichotia, tungemusifu tena, na kesho yake tungerudi kununua.